Chuo cha Ubao na Chuo cha Cherehani

Wengi wetu tulilijua neno chuo kabla ya kujua cheti. Zamani pwani chuo kilikuwa cha Qur'ani: mwalimu anaandika aya ubaoni kwa wino, mtoto anairudia kwa sauti mpaka imkae, akisikilizwa akapita, ubao unaoshwa, anaandikiwa nyingine. Mtihani ulikuwa mdomoni. Hata neno kuhitimu ni ndugu wa khitma.

VETA ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ushonaji ukawa miongoni mwa fani zake, na fani hizo hupimwa kwa nadharia na kwa vitendo. Sisi wa Tunduma, wakati huo bado mkoa wa Mbeya (Songwe ilizaliwa 2016), tuliingia kozini na akili ya ubao. Tukakariri daftari zima. Nadharia tukapita. Kwenye vitendo, mwenzetu alikata mikono yote miwili ya upande mmoja. Alikuwa mchumba wa mtu, na harusi ilikuwa ikisubiri cheti.

Alirudia. Safari hii alikata mikono ya magazeti kila jioni, saa ikiwa pembeni, akashona vipande vya vitenge, akafumua, akashona tena, nasi tukimkagua kama wale walimu wa chuoni. Kukariri alikuachia majina ya sehemu za cherehani tu.

Akapita. Gauni la nikahi alishona mwenyewe, ila pindo lilimchosha, tukalimalizia sisi usiku wa kuamkia harusi.