Historia ya Kutotolesha Mayai Bila Kuku: Joto na Unyevu

Leo hatuanzi na dawa ya mdondo wala chakula cha kuku. Tunaanza na barua.

Barua imetoka kwa mama mmoja wa mkoa wa Singida, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Anasema aliuza mbuzi wawili akamlipa fundi amtengenezee sanduku la kutotolesha mayai sitini, lenye taa ya mafuta chini na kipimajoto ndani. Ilikuwa mwezi wa Julai. Kwa majuma matatu alilala karibu na sanduku hilo kama mtu anayeuguza mtoto. Siku ya 21 ilipopita alihesabu: vifaranga 11 wazima, mayai 9 ambayo hayakuwa na mbegu, na mayai 40 ambayo vifaranga wake walikufa ndani. Wengi wao walikuwa wamekwisha kutoboa ganda, mdomo umeonekana kabisa, halafu wakakwama. "Mume wangu anasema mbuzi wangu wamekufa mara mbili," anaandika. "Lakini joto lilikuwa sawasawa siku zote. Kosa langu ni lipi?"

Mama, joto lako pengine lilikuwa sawa. Lakini kulijibu swali lako vizuri inabidi twende mbali kidogo, maana kosa hilo si lako peke yako. Watu wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Habari za zamani za kutotolesha mayai bila kuku zinatoka Misri. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri hutotolesha mayai kwa kuyafukia katika lundo la samadi. Samadi ikioza hutoa joto, jambo ambalo kila aliyewahi kutia mkono katika lundo la mboji analijua. Baadaye Wamisri wakajenga tanuri. Hizi zilikuwa nyumba za matofali ya udongo zenye kuta nene, ushoroba katikati, na vyumba vidogo kulia na kushoto, kimoja juu ya kingine. Chumba cha chini kiliwekwa mayai kwa maelfu. Katika kile cha juu waliwasha moto wa polepole wa samadi iliyokaushwa pamoja na makapi. Humo ndani hamkuwa na kipimajoto, kwa sababu kipimajoto kilikuwa hakijabuniwa duniani.

Sasa walijuaje joto? Fundi alichukua yai akaligusisha kwenye kope ya jicho lake. Ngozi ya kope ni nyembamba mno, nayo hutambua tofauti ndogo ambayo kiganja chenye sugu za jembe hakiwezi kuitambua. Yai likichoma kope, moto upunguzwe. Likiwa vuguvugu tu, moto uongezwe. Mafundi hao alizaliwa nao ujuzi, kwa maana ya kwamba baba alimfundisha mwana, na mgeni hakuambiwa. Kijiji cha Berma, katika eneo la Gharbia kwenye delta ya mto Naili, kilijulikana sana kwa kazi hii, hata wasafiri wa Ulaya wa karne ya 18 wakawaita mafundi wote wa tanuri kwa jina la kijiji hicho.

Mkataba wao ulikuwa wa kiungwana. Mwenye mayai akileta matatu, fundi aliahidi kurudisha vifaranga wawili. Waliozidi walikuwa mali ya fundi. Theluthi mbili, ndugu wasikilizaji! Mama yetu wa Singida amepata 11 katika 60, naye ana kipimajoto. Yule wa Berma alikuwa na kope ya jicho tu.

Kuna mambo mawili katika tanuri ile ambayo lazima tuyaangalie kwa makini.

La kwanza ni kwamba, baada ya siku kama kumi hivi, mafundi waliacha kuwasha moto. Mgeni angedhani ni uvivu. Kumbe kifaranga anayekua ndani ya yai hutoa joto lake mwenyewe, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo joto hilo linavyoongezeka. Maelfu ya mayai yaliyosongamana katika nyumba ya kuta nene yalipashana joto yenyewe. Kazi ya fundi ikawa kuziba na kufungua matundu ya hewa, na kugeuza mayai. Mwenye sanduku la nyumbani ajifunze hapo: taa uliyoirekebisha siku ya tano itakuwa kali mno siku ya kumi na tano, ukiiacha kama ilivyo.

La pili ndilo linalogusa barua yetu. Yai linapumua. Ganda lina vitundu vidogo vidogo kwa maelfu, na maji ya yai hutoka humo kama mvuke mchana na usiku. Yai la kuku wa kienyeji la gramu 42 hupoteza gramu 5 hivi katika siku 18 za mwanzo. Ni kidogo sana, sivyo? Haya, piga hesabu ya chumba chenye mayai 4,000. Ni zaidi ya lita moja ya maji kila siku inayoingia katika hewa ya chumba kilichozibwa! Mayai ya Misri yalijitengenezea unyevu wake. Sanduku la mayai 60 hutoa maji ya vijiko vya chai vitatu tu kwa siku, na hayo hutoroka mara kupitia matundu. Ndiyo sababu mtu akiiga tanuri kubwa kwa sanduku dogo anaweza kupata joto lile lile bila kupata hewa ile ile.

Ulaya walishindwa kwa muda mrefu kuiga kazi hiyo. Warumi walikuwa na kisa chao: Livia, alipokuwa na mimba ya Tiberius aliyezaliwa mwaka wa 42 kabla ya Kristo na kuja kuwa mfalme wa Roma, anasimuliwa kuwa aliatamia yai kifuani mwake ili abashiri kama atazaa mwana wa kiume. Alipotaka kupumzika alimpa mtumishi aendelee kulipasha joto. Likatotoa jogoo. Mimi simhimizi mtu kufuata njia hiyo, majuma matatu ni mengi.

Mholanzi mmoja, Cornelis Drebbel, aliyefanya kazi Uingereza na kufariki mwaka 1633, alibuni tanuri iliyojirekebisha yenyewe: pombe kali iliyofungiwa katika bomba ilitanuka kwa joto, ikasukuma zebaki, zebaki ikainua fimbo, fimbo ikafunga tundu la hewa ya moto. Joto likipungua, tundu likafunguka. Huyo ni babu wa kila mashine ya kutotolesha mnayoiona leo. Lakini hakueneza kazi yake kwa wafugaji.

Aliyeandika kwa faida ya wafugaji ni Mfaransa René de Réaumur, aliyetoa kitabu chake mwaka 1749. Bwana huyu alikuwa amebuni kipimajoto chake mwenyewe, ambacho maji huchemka kwa nyuzi 80, akasema joto la kuku anayeatamia ni nyuzi 32, ambazo ni sawa na nyuzi 40 zetu za Sentigredi. Leo tunajua hilo limezidi kidogo kwa sanduku, maana yai chini ya kuku hugusa mwili upande mmoja tu. Alichukua mapipa, akayafukia katika samadi mbichi ya farasi, akaweka mayai ndani. Mayai yakaharibika! Mvuke wa samadi ulipenya katika pipa ukaua mimba. Ikabidi apake lipu ndani ya pipa na kutoboa matundu kwenye kifuniko, yenye vizibo vya kufungua na kufunga. Hapo ndipo alipofaulu.

Tena aliwafikiria wasio na fedha ya kipimajoto. Aliwashauri wayeyushe siagi na mafuta ya mnyama, mafuta nusu ya siagi, watie katika kichupa na kukiweka kati ya mayai. Kwa joto linalofaa mchanganyiko huwa kama asali nzito. Ukiganda, ongeza joto. Ukiwa mwepesi kama mafuta ya kupikia, punguza. Hii ni akili ya kijijini kabisa, na nimempenda kwa hilo kuliko kwa mapipa yake.

Yaliyofuata tuyapitie haraka. Mwaka 1879 Lyman Byce na Isaac Dias walitengeneza mashine yao huko Petaluma, California, na mji ule ukawa mji wa mayai. Mwaka 1881 Charles Hearson wa Uingereza alitumia kidude bapa cha bati chenye kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Kikivimba huinua wenzo, wenzo hufungua kifuniko juu ya taa na joto likatoka nje. Mashine nyingi za mafuta ya taa zilifuata njia hiyo. Miaka ya 1920 Ira Petersime huko Ohio akaleta ya umeme. Na tanuri za Misri? Katika karne hii bado zimekutwa zikifanya kazi, ila nyingi zimeacha samadi na kutumia taa za mafuta au gesi. Kope ya jicho haijastaafu.

Sasa turudi Singida. Hewa baridi haiwezi kubeba maji mengi. Asubuhi ya Julai huko juu joto likiwa nyuzi 15, hata kama hewa imejaa umande kabisa, ukiipasha hadi nyuzi 37 au 38 ndani ya sanduku, unyevu wake hushuka hadi chini ya asilimia 30. Na Singida ya Julai hewa haijai umande! Ni kavu, ngozi inapasuka, midomo inapasuka. Yai linahitaji asilimia 50 hadi 60 kwa siku 18 za kwanza, na 65 hadi 70 siku tatu za mwisho. Mama, hewa yako ilikuwa inayanyonya mayai yale. Utando wa ndani ukakauka ukawa kama karatasi, ukamgandia kifaranga asiweze kujigeuza na kukata ganda. Alitoboa, akachoka, akafa.

Basi wapo watakaosema, "Si aweke maji mengi tu!" Ngojeni niwaambie yaliyonipata mimi. Nilipomaliza chuo nilipangiwa kazi Pwani, nikakabidhiwa mashine ya mayai mia moja wakati wa masika. Nilifuata kitabu neno kwa neno, nikajaza masinia mawili ya maji. Sikujua kwamba hewa ya Pwani ya nyuzi 30, yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha moto tu inabaki na asilimia kama 53, yaani inatosha bila tone la maji. Vifaranga wangu walivimba ndani ya mayai, chumba cha hewa kikawa kidogo, wengi wakafa katika ute. Waliotoka walikuwa na vitovu vibichi, na baada ya siku nne tukawazika nao. Mayai yale yalikuwa ya kikundi cha akina mama. Walinitazama tu, hawakusema neno, na hilo ndilo lililoniumiza.

Tangu hapo sipimi hewa peke yake, ninapima yai. Chagua mayai kumi, yawekee alama, yapime pamoja kwenye mizani ndogo ya jikoni kabla ya kuyaingiza. Tuseme ni gramu 420. Siku ya 9 yawe karibu na 395, na siku ya 18 yawe karibu na 370. Yakipungua mno, ongeza maji. Yakipungua kidogo mno, punguza maji au fungua tundu. Na kuongeza maji maana yake ni kuongeza upana wa chombo, si kina. Karai lenye kina halitoi mvuke kuliko sinia pana, na kitambaa cha gunia kilicholowa na kuning'inia ndani ya sinia hufanya kazi kuliko vyote viwili. Maji ya kuongeza yawe ya uvuguvugu.

Sanduku la taa lisilo na feni lishike nyuzi 38.5 hivi, kipimajoto kikiwa usawa wa juu wa mayai. Lenye feni, nyuzi 37.5. Geuza mayai mara tatu au tano kwa siku hadi siku ya 18, kisha acha. Na kuanzia siku hiyo usifungue! Najua, ukisikia vifaranga wanalia unataka kuchungulia. Kila unapofungua, unyevu wote hutoka kwa mara moja, wakati ule ule ambao kifaranga amekwisha kutoboa na utando wake uko wazi kwa hewa.

Mama yetu tumemjibu kwa barua, na sanduku lake halina kasoro. Ameandika kwamba ameazima mizani, amepata mayai 40, na mumewe amekubali, ingawa kwa shingo upande. Ameyaingiza Jumapili iliyopita, kumi yakiwa na gramu 415. Akituletea uzito wa siku ya tisa tutausoma hapa hapa.