Spika za masikioni zisizo na waya: historia fupi ya kile unacholipia

Swali hili huja kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia: je, spika ndogo za masikioni zisizo na waya, zile za bei ya kutoa jasho, zina sauti bora kweli, au tunalipia jina tu?

Ningeweza kukupa orodha ya modeli tano na nyota zake, lakini orodha ya aina hiyo huzeeka kabla ya mwaka kuisha. Afadhali nikupe historia. Karibu kila kitu unacholipia katika vidude hivi ni jibu la tatizo ambalo mtu fulani alihangaika nalo miaka mingi iliyopita. Ukiyajua matatizo yenyewe, utaweza kupima modeli yoyote, hata ile itakayotoka mwaka ujao.

Haya, tuanze.

Mnamo 1910, Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah aitwaye Nathaniel Baldwin alikuwa akitengeneza hedifoni jikoni kwake. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilizijaribu na kuagiza. Hazikuwa za muziki. Zilikuwa za kumsaidia mtu wa mitambo ya redio asikie ishara dhaifu kutoka mbali. Ilibidi tungoje hadi 1958 ndipo John Koss, wa mji wa Milwaukee, akauza hedifoni za stereo kwa ajili ya kusikiliza muziki nyumbani. Kisha Julai 1979 Sony ikatoa Walkman, pamoja na hedifoni nyepesi, na muziki ukatoka sebuleni ukaingia barabarani. Mwaka 1982 Sony hiyo hiyo ikatoa spika ndogo inayokaa ndani ya sikio lenyewe.

Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipojitokeza, nalo ni sikio.

Masikio hayafanani. Hata la kwako la kulia si lazima lilingane na la kushoto. Spika isipoziba tundu la sikio vizuri, sauti nzito za besi huvuja nje na unabaki na muziki mwembamba. Wewe utasema spika ni mbovu, kumbe haijakukaa tu. Waliolielewa jambo hili vizuri hawakuwa watu wa muziki, bali watu wa vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Kampuni ya Etymotic Research ya Mead Killion ilitoa ER-4 mwaka 1991. Ilitumia spika ndogo sana za aina inayotumika katika vifaa vya usikivu, na kipira cha tabaka tatu kilichoingia ndani kabisa na kuziba. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen spika zilizoundwa kwa umbo la masikio yake, ili ajisikie jukwaani katikati ya makelele. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Ultimate Ears.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: vile vipira vya saizi tatu vinavyokuja ndani ya boksi si mapambo. Vijaribu vyote. Kabla hujamaliza hilo, usitoe hukumu yoyote kuhusu sauti.

Mwaka 2001 ikaja iPod na waya zake nyeupe. Kisauti hazikuwa na maajabu, ila mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliziona na akajua una nini mfukoni. Tangu hapo umbo la spika za masikioni limekuwa na kazi mbili: kumhudumia anayesikiliza na kuonekana na wanaotazama. Kumbuka tofauti hiyo unapolipa, kwa sababu zote mbili zimo ndani ya bei.

Tatizo la pili ni redio. Mwaka 1994 wahandisi wa Ericsson katika mji wa Lund, Sweden, akiwemo Mholanzi Jaap Haartsen, walianza kubuni njia ya kuunganisha vifaa kwa mawimbi ya masafa mafupi. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, Nokia, Toshiba na IBM waliungana kuifanya iwe ya wote. Jina la Bluetooth lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel, kwa heshima ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeunganisha watu wake. Ile alama unayoiona kwenye simu ni herufi zake mbili za kale zilizobandikwa pamoja.

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, eneo lile lile la maikrowevu na Wi-Fi nyingi. Ili isigongane nazo, huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Mwanzoni ilifikiriwa zaidi kwa mazungumzo ya simu. Njia rasmi ya kupitisha muziki wa stereo, iitwayo A2DP, ilikuja mwaka 2003. Ilikuwa finyu. Kodeki yake ya lazima, SBC, kwa kawaida hufika kilobiti 328 kwa sekunde, wakati CD ni kilobiti 1,411. Maana yake muziki hukamuliwa, sehemu zinazodhaniwa sikio halitazikosa zikitupwa. Mwaka 2015 Sony ilileta LDAC inayofika kilobiti 990. Lakini kodeki ni lugha, na lugha huhitaji watu wawili. Simu za iPhone hazizungumzi LDAC. Ukinunua spika kwa sababu ya LDAC ilhali simu yako ni iPhone, umelipia kitu ambacho hakitafanya kazi hata siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo sisi waandika programu hulaumiwa bure. Umekaa na kipakatalishi chako, muziki unaimba vizuri, unaingia kwenye mkutano wa mtandaoni, na ghafla sauti inakuwa kama ya simu ya kibandani. Spika haijaharibika, wala programu haina kosa. Katika Bluetooth ya kawaida, A2DP hupeleka sauti upande mmoja tu. Maikrofoni ikifunguka, kifaa huhamia njia nyingine iliyobuniwa kwa simu, yenye sauti nyembamba ya sikio moja. Spika ya bei ghali huangukia shimo hilo hilo. Mpango mpya, LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020 na kukamilika 2022, pamoja na kodeki yake LC3, umekusudiwa kuliziba. Ila lazima simu au kipakatalishi nacho kiwe kinaujua.

Waya wa kwenda kwenye simu ulikufa mapema, lakini waya kati ya sikio na sikio ulikatalia. Sababu ni kichwa chako. Mwili una maji mengi, na maji humeza mawimbi ya gigahezi 2.4. Upande mmoja ukipokea muziki na kujaribu kuurushia upande wa pili, kichwa kinakaa katikati kama ukuta. Mwaka 2014 kampuni mbili changa, Bragi ya Ujerumani na Earin ya Sweden, zilichangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter ili kulitatua tatizo hilo. Bragi ilipata zaidi ya dola milioni 3. Njia yake ilikuwa kuunganisha pande mbili kwa usumaku wa karibu, ambao hupita mwilini bila shida. Onkyo ya Japani ilitoa yake mwaka 2015. Waanzilishi hao hawakuvuna sana. Kufikia 2019 Bragi ilikuwa imejiondoa katika biashara ya vifaa.

Aliyevuna ni Apple. Septemba 2016 ilizindua iPhone 7 isiyo na tundu la waya, na siku hiyo hiyo ikaonyesha AirPods kwa dola 159. Ziliuzwa kuanzia Desemba. Watu walicheka, wakasema ni vichwa vya mswaki vilivyokatwa. Lakini mkia ule uliochekwa ulikuwa na kazi. Ndani yake mlikuwa na betri na antena, na maikrofoni ilikaa chini kabisa, karibu na mdomo. Hapo umbo lilifuata kazi. Udhaifu ulikuwa sikioni: hazikuwa na kipira cha kuziba, hivyo besi ilivuja, na kelele za matatu ziliingia bila kubisha hodi.

Kelele ndizo tatizo la tatu. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuua sauti kwa sauti: ukirusha wimbi lililopinduliwa dhidi ya wimbi la kelele, mawili hayo hufutana. Wazo lilitangulia vifaa. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Ulaya kurudi Marekani, alianza kupiga hesabu za kulifanya litumike katika hedifoni. Bose iliuza hedifoni za marubani mwaka 1989, na zile za abiria wa kawaida mwaka 2000. Sony iliuingiza ufundi huo kwenye vidude visivyo na waya kabisa mwaka 2017 kwa WF-1000X, na AirPods Pro zikafuata Oktoba 2019 kwa dola 249, safari hii zikiwa na vipira.

Elewa uwezo wake na mipaka yake. Hufuta vizuri ngurumo nzito isiyobadilika: injini, jenereta, feni. Honi, mtoto anayelia na kondakta anayeita abiria hupenya, kwa sababu sauti hizo hubadilika upesi kuliko chipu inavyoweza kuzikimbiza, na huko kinachokusaidia ni kipira chenyewe. Hili si anasa tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa. Shirika hilo hushauri kiasi cha desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Ndani ya gari lenye kelele, mtu hupandisha muziki ili uishinde injini. Spika inayonyamazisha injini inakuruhusu kuushusha. Kama kuna sababu moja ya kuongeza pesa, kwangu ni hiyo.

Sasa tufike kwenye lile swali: bei na sauti. Kuanzia 2012 hivi, Sean Olive na wenzake wa Harman waliwakalisha wasikilizaji na kuwasikilizisha hedifoni bila kuwaambia ni za nani. Waligundua kwamba wengi, wataalamu na wasio wataalamu, hupenda mizani ya sauti inayokaribiana: besi iliyonyanyuka kidogo, sauti za watu zilizo wazi, na sauti za juu zisizochoma. Halafu mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali, za masikioni zikiwemo. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na mizani hiyo ya sauti.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa na pochi mkononi.

Haimaanishi kwamba kila kitu cha bei nafuu ni kizuri. Inamaanisha kwamba bei peke yake haikwambii chochote kuhusu mizani ya sauti. Ukilipa zaidi, mara nyingi unalipia kelele kuondolewa vizuri zaidi, maikrofoni zinazosikika kwenye upepo, muunganisho usiokatika, kifuko kinachofunga kwa mlio mtamu, na jina. Baadhi ya hayo yana thamani kubwa. Lakini usimwache muuzaji wa Luthuli Avenue akwambie kwamba elfu kumi za ziada ni besi.

Tatizo la mwisho halijatatuliwa na wakubwa, nalo ndilo linalonikera. Ni betri. Kila upande una betri ya lithiamu ndogo kuliko njugu, na betri za lithiamu huchoka kadiri zinavyochajiwa. Betri inayodumu saa 5 kwa mtu anayesikiliza saa 6 kila siku humaliza mzunguko mzima wa chaji, siku baada ya siku. Miaka miwili au mitatu na saa 5 zimekuwa 2. Mafundi wa iFixit walipozifungua AirPods za kwanza walizipa alama 0 kati ya 10 kwa urahisi wa kurekebishwa: kila kitu kimegandishwa kwa gundi. Hedifoni ya waya ya zamani fundi alikuunganishia waya kwa risasi ukaenda nayo miaka mingine mitano. Hii ya bei mara kumi inatupwa. Kwamba inawezekana kufanya vingine tumeshaona: mwaka 2024 Fairphone ilitoa Fairbuds ambazo mtumiaji mwenyewe anabadilisha betri, za masikioni na ya kifuko. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 nayo inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na mwenye kifaa. Tuone kama manufaa hayo yatafika huku kwetu.

Kwa hiyo ukienda dukani, fuata mpangilio wa historia yenyewe. Kwanza vipira: je, zinaziba, na zinabaki ukitafuna? Pili redio: weka simu mfuko wa nyuma, geuka, tembea, sikiliza kama inakatika, kisha mpigie mtu na umuulize anakusikiaje. Tatu kelele: simama mlangoni karibu na barabara. Nne sauti: cheza wimbo unaoujua kama sala, si ule wa maonyesho wanaokuwekea, na linganisha modeli mbili kwa kiasi kimoja cha sauti, maana inayopaza zaidi hudanganya sikio kuwa ndiyo bora. Mwisho uliza: betri ikifa, nani ataibadilisha? Muuzaji akikosa jibu, gawanya bei kwa miaka mitatu. Hiyo ndiyo kodi ya kila mwaka utakayolipa kwa ajili ya kukaa bila waya. Ukiiona inakufaa, nunua kwa moyo mweupe.