Kiwewe: istilahi iliyoingia darasani

Neno trauma lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni jeraha. Madaktari wa upasuaji bado wanalitumia hivyo, kwa aliyevunjika mguu au kupasuka kichwa. Wanasaikolojia wakaliazima kwa madhara yasiyotoa damu, nasi kwa maana hiyo ya pili tukalipa jina la kiwewe. Hapo ndipo utata ulipoanzia, kwa kuwa kiwewe kilikuwa na kazi yake tangu zamani. Basi limepinduka, abiria ametoka mzima, lakini anazunguka pale barabarani akitafuta kiatu huku simu inamwita mkononi: huyo ndiye tunayesema amepigwa na kiwewe. Ni hali ya kuonekana kwa macho, na ni ya kupita. Atakalishwa kivulini, apewe maji, atulie. Istilahi ya kitaalamu inataja kitu kingine kabisa, yaani athari zinazobaki akilini na mwilini baada ya tukio kwisha. Mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani, ambao mwaka 1980 ulitambua rasmi ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, siku hizi unataka dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja ndipo mtu ahesabiwe kuwa nao.

Mwalimu anayelielewa neno kwa maana ya mtaani atamtafuta mtoto anayetetemeka au kulia, na kwa kawaida hatamwona. Dalili zenyewe ni za namna nyingine: kumbukumbu zinazojileta bila kuitwa, kukwepa chochote kinachofanana na tukio, na mwili ulio macho muda wote kana kwamba hatari haijaondoka. Zikifika shuleni hubadilika majina. Asiyelala usiku kwa ndoto mbaya anaitwa mvivu kwa kusinzia kipindi cha pili, anayekwepa ni mtoro, na aliyeguswa bega kutoka nyuma akageuka na ngumi ni mkorofi. Hata insha inaweza kumfichua mtoto. “Siku nisiyoisahau” ni mada iliyozoeleka mno, na mtungaji wake anatarajia harusi au safari ya mbugani; kumbe yupo mwenye siku moja tu ya namna hiyo, naye atakaa na kalamu mkononi mpaka kengele ilie, kisha apewe sifuri. Kuweka mada mbili ubaoni, kila mtu achague yake, hakugharimu chochote.

Wapo wanaopendekeza tuseme jeraha la nafsi, na hoja yao ina uzito: jeraha hukaa, tena lina kilicholisababisha. Hata hivyo ningebaki na kiwewe, maana kimeshaenea kwa washauri nasaha na redioni, ila tutenganishe tukio la kutisha na athari yake. Si kila aliyepatwa na tukio ana athari hiyo. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imepokea Wakongo tangu miaka ya 1990, na Warundi wengi kuanzia mwaka 2015. Kumwita kila mtoto wa huko mwenye kiwewe ni kumbandika ugonjwa ambao huenda hana, kwani wengi hutengemaa wakipata walezi na ratiba inayoeleweka.

Atasema mwalimu mwenye wanafunzi themanini kwamba yeye si daktari. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hapaswi kumchimba mtoto asimulie yaliyompata. Kilicho mikononi mwake ni utabirikaji: kipindi kianze kwa utaratibu uleule, mabadiliko yatangazwe mapema, mtoto aitwe jina kabla ya kusogelewa kutoka nyuma, na akitaka kiti cha karibu na mlango akipate. Yanayozidi hapo ni ya mwalimu wa ushauri nasaha au afisa ustawi wa jamii.

Pingamizi zito zaidi linahusu fimbo. Kenya iliharamisha adhabu ya viboko katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013; kanuni za Tanzania bado zinairuhusu kwa masharti, na wengi wanaamini kwamba ikiondoka nidhamu itaondoka nayo. Wilayani Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilihusika katika utafiti wa mpango wa kupunguza ukatili wa walimu. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyotangulia ulipungua kwa asilimia 42, na wanafunzi walijihisi salama zaidi shuleni. Alama za masomo hazikuporomoka. Hazikupanda pia, wala afya ya akili ya watoto haikuonyesha tofauti kubwa, jambo ambalo watetezi wa mpango kama huu wasilifiche: kuweka fimbo chini hakuponyi kiwewe. Kunaondoa sababu moja ya mwili wa mtoto kuendelea kukaa macho saa za masomo, na hiyo ni sababu ambayo mwalimu anaweza kuiondoa asubuhi hiyohiyo, bila kusubiri mtaalamu.