Maandishi ya Ukingoni katika Nishani za Keya

Viunga vya Dar es Salaam vimejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, na Mbezi Luis, iliyo kando ya barabara ya Morogoro, ni mfano mwema wa hali hiyo. Watu hao hawakuja mikono mitupu. Pamoja na vyombo na hati za mashamba yaliyobaki Tabora, Songea au Iringa, wako waliokuja na kijaluba chenye vipande vya fedha na shaba vilivyotundikwa kwenye tepe zilizopauka. Hizo ni nishani za babu. Hutolewa siku ya msiba, au siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, zikapitishwa mkono kwa mkono, kisha zikarudishwa mahali pake. Aghalabu kabla ya kurudishwa husuguliwa hata zing'ae, na msuguo huo, unaofanywa kwa heshima na mapenzi, ndio unaofuta historia ya aliyezivaa.

Neno nishani lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni alama. Maana hiyo inafaa kukumbukwa hapa, kwa kuwa aliyerithi nishani amerithi alama iliyoandikwa. Nalo jeshi lililozitoa nyingi za nishani hizi, King's African Rifles, lilioundwa mwaka 1902, liliingia katika Kiswahili kwa jina fupi la Keya. Wazee walisema fulani alikwenda Keya, kama watu wengine wasemavyo fulani alikwenda bara. Msemo huo ulihifadhi jina la jeshi. Jina la askari mwenyewe lilihifadhiwa mahali padogo mno, ukingoni mwa nishani.

Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 Keya walipanuliwa kwa haraka. Kikosi cha sita kiliundwa mwaka 1917, na ndani yake walikuwamo wengi waliokwisha kuwatumikia Wajerumani. Kwa hiyo si ajabu babu mmoja kuwa alizipigania pande zote mbili za vita vile, ingawa nishani aliyoiacha ni ya upande mmoja tu. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake huko Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Waingereza walitoa nishani mbili kuu kwa vita hivyo: ya kwanza ya fedha, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili, ya pili ya bronzi, yenye sura ya Ushindi mwenye mabawa, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua. Kila moja ina upana wa milimita 36 hivi, na juu ya ukingo wake mwembamba yamechapwa maandishi: namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake.

Kwa mchunguzi wa lugha, mstari huo mmoja una thamani kubwa. Tahajia ya Kiswahili ilikuwa bado haijasanifiwa. Mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja ulifanyika mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Majina yaliyochapwa kabla ya hapo yaliandikwa na makarani walioandika walivyosikia, kila mmoja kwa sikio lake na kwa mazoea ya shule yake. Wajerumani waliandika Udjidji na Kiwindje, Waingereza wakaandika Ujiji na Kivinje; basi Juma mmoja aweza kuwa Djuma katika daftari moja na Juma katika jingine. Jina la Kinyamwezi au la Kiyao lilipopita kwa karani asiyeijua lugha hiyo, sauti zake zilichukuliwa kama zilivyowezekana kuandikwa. Mara nyingi ndugu hulitazama jina hilo na kusema limekosewa. Huenda limekosewa kweli. Lakini kosa hilo ni ushahidi wa jinsi jina lilivyotamkwa na lilivyosikiwa siku ile, na halifai kusahihishwa. Namba iliyo mbele ya jina ndiyo inayomtofautisha askari huyo na wenzake wote wenye jina kama lake, na wenye jina la Juma walikuwa wengi.

Watu wa pwani wamejua tangu zamani kuing'arisha shaba. Sinia na mabirika husuguliwa kwa ukwaju, au kwa ndimu na majivu, na matokeo yake hupendeza macho. Kambini askari alifundishwa kusugua vifungo vyake kwa dawa ya kopo, na mazoea hayo aliyaleta nyumbani. Sinia laweza kustahimili hayo kwa miaka hamsini, kwa sababu halisomwi. Nishani haistahimili. Weusi unaoonekana juu ya fedha si uchafu uliotoka nje. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani, na kila anayeuondoa huondoa fedha pamoja nao. Mchanga mwembamba uliomo katika majivu na dawa za kusugulia hula kwanza palipoinuka, yaani pua ya mfalme, kisha huzilainisha kingo za herufi hata namba 3 na 8 zisitambulikane. Asidi ya ukwaju na ndimu hupenya mikwaruzo ya bronzi na kubaki humo ikiendelea na kazi yake. Wala hapana mtu anayepanda juu ya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1927, kuisugua hata ing'ae kama sinia la pilau. Nayo ni ya bronzi vilevile.

Utunzaji ulio bora ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Vumbi huondolewa kwa brashi laini au kitambaa cha pamba kikavu. Nishani hushikwa kwa kitambaa, kwa kuwa jasho lina chumvi, na hewa ya Dar es Salaam inayo chumvi ya kutosha. Utepe haufuliwi, wala hautundikwi mbele ya dirisha, kwa maana jua hupausha rangi zake na kulegeza nyuzi zake. Kila nishani hufungwa peke yake katika kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, ili zisigongane. Mipira ya kufungia noti na mifuko ya plastiki inayonuka haifai. Vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vyafaa sana, na havina gharama. Ukiota unga wa kijani kibichi juu ya bronzi, huo ni ugonjwa wa chumvi na hausuguliwi nyumbani. Ni afadhali kuuliza ushauri kwa wajuzi wa makumbusho.

Kabla ya yote hayo, yafaa maandishi yanakiliwe. Nishani iwekwe chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, na herufi zitatoa vivuli. Hapo zipigwe picha, kisha ziandikwe katika daftari jinsi zilivyo, pamoja na kila nukta, na palipofutika paachwe wazi. Tafsiri ya ndugu iandikwe chini yake, mbali na nakala.

Nishani za Vita vya Pili zina shida ya namna nyingine. Watanganyika walipigana Uhabeshi mwaka 1941, na mwaka 1944 walikuwamo katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw huko Burma. Mapigano ya Colito ya mwaka 1941 ndiyo yaliyoipa jina kambi ya Dar es Salaam ambamo maasi ya askari yalianza Januari 1964, kabla ya kambi hiyo kuitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Lakini nyota na nishani za Uingereza za vita hivyo zilitolewa kwa kawaida pasipo jina lolote. India, Afrika Kusini na Australia ndizo zilizochapa majina ya watu wao. Nyota ya Burma iliyomo katika kijaluba cha Mbezi Luis haina tofauti na nyota nyingine ya Burma iliyoko London au Nairobi. Ikitengwa na cheti cha kuachishwa jeshi, na bahasha iliyoijia, na kauli ya mjukuu aliyeambiwa ni ya nani, basi haina mwenyewe. Kwa nishani hizo maandishi ya ukingoni hayakuwapo tangu mwanzo, na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, yenye jina kamili, kijiji, kikosi na jina la aliyesimulia, ikikunjwa pamoja na utepe, ndiyo itakayokaa mahali pake.