Askari wa risasi (sehemu ya 3)

Wamama wenzangu, tuendelee na risasi. Sio ya bunduki jamani, ile metali laini ya betri za gari na chubwi za wavuvi.

Jirani yangu hapa Kibamba katumiwa boksi la mtumba toka Uingereza: askari wadogo wa hadithi za anga za mbali, wa kuunganisha, kupaka rangi na kuchezea vita mezani. Ukimshika mmoja unashangaa uzito. Mwaka 1893 William Britain wa London alianza kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani. Watoto waliwachezea miaka 70 na zaidi. Kampuni yake iliacha risasi 1966, sheria za sumu zilipokaza. Ila wa watu wazima waliendelea! Warhammer 40,000 ilipotoka 1987, askari wake wa metali bado walikuwa na risasi. Viwanda vilikuja kuiacha miaka ya 1990.

Sasa kijana wake anawapiga tupa sebuleni, brashi anailainisha mdomoni. Vumbi linabaki sakafuni, na mdogo wake wa miezi tisa anatambaa hapohapo. Kwa mtoto risasi haina kiwango salama, na dalili huzioni mapema. Nimemwambia: tupa ifanyike nje, mikono inawe kwa sabuni, sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Boksi lipo juu ya kabati.