Nani Humwambia Kijana Kwamba Amekua?

Juma hili nina swali moja. Kijana wa Kitanzania huwa mtu mzima siku gani? Sheria inasema akifika miaka 18 atapiga kura. Sawa. Lakini karatasi ya kura haijamfundisha mtu kuamka alfajiri.

Zamani jibu lilikuwa wazi. Wazaramo, Wayao, Wamakonde na wengineo walikuwa na jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Mtoto aliingia, akafundwa, akatoka na heshima mpya, kijiji kizima kikiwa shahidi. Lakini kila kabila lilikuza watu wake, na msichana aliyetoka unyagoni mara nyingi aliishia kuozwa mapema. Taifa changa lilihitaji mlango wake lenyewe.

Mlango huo ukawa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963. Mwanzoni waliingia vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali ikaamua kwamba wasomi nao waingie kwa lazima: miaka miwili ya utumishi, sehemu kubwa ya mishahara yao ikikatwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakakataa. Oktoba 22, 1966 waliandamana hadi Ikulu, na mmoja wa ujumbe wao ulidai kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere alighadhibika. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya wasomi wenye kiburi. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zikijibu swali letu la leo. Wanafunzi walisema: mtu mzima ni yule anayeweza kumkatalia mkubwa wake. Mwalimu akasema: mtu mzima ni yule anayejua kwamba kuna waliolipia kisomo chake, nao ni wakulima.

Aliyeshinda ni Mwalimu. Kwa miaka mingi mhitimu hakukwepa Ruvu, Makutupora, Mafinga au Oljoro. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaongeza uzito: mwenye kidato cha sita apite JKT, kisha afanye kazi, ndipo afikiriwe kwenda Chuo Kikuu. Kule mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi walikuwa kuruta tu. Walicheza kwata pamoja, wakashika jembe pamoja, wakamwitikia afande mmoja. Wengine walichukia kila siku ya maisha hayo, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini waulize leo, watakutajia wenzao wa kombania kutoka mikoa ambayo hawajawahi kuikanyaga.

Mwaka 1994 mpango huo ulisitishwa kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mimi ni wa kizazi kilichofika mlangoni kikakuta umefungwa. Tulimaliza kidato cha sita tukarudi nyumbani kusubiri matokeo, na kwa wengi wetu kusubiri huko kulichukua miaka. Hakuna aliyetuambia kwamba tumekua. Basi tukajitafutia vipimo vyetu: simu, gari, harusi ya ukumbini. Asiyekuwa navyo aliendelea kuitwa kijana hata alipoanza kuota mvi.

Mpango ulifufuliwa mwaka 2013, safari hii kwa miezi mitatu, na baadhi ya wabunge vijana walitangulia kambini. Ni hatua njema, ingawa kwa miaka mingi nafasi hazikuwatosha wahitimu wote. Isitoshe, kijana asiyefika kidato cha sita mpango huo wa lazima haumgusi, na hao ndio wengi.

Kwa hiyo tusiiachie kambi kazi yote. Historia inatufundisha kwamba utu uzima hauji wenyewe kama ndevu. Lazima awepo mtu wa kumkabidhi kijana jukumu, na awepo shahidi atakayesema ameliweza. Baba anayemficha mwanawe wa miaka 20 hesabu za nyumba, na mama anayemlipia madeni kila mwezi, wasishangae akibaki mtoto akiwa na miaka 35.

Samaki mkunje angali mbichi. Kwa leo ni hayo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.