Waliolala Kibanda Kimoja

Babu yangu hakuweza kula peke yake. Bibi akishaipua ndizi, babu alisimama uani, akaita kuelekea ng'ambo ya migomba, na kutoka kule sauti ya mzee mwenzake ikaitikia. Isipoitikia, babu alichukua sahani akaenda kumtafuta, hata mvua ikinyesha, na kwetu Lufingo mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Babu alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Moravian. Yule mwenzake alikuwa na wake watatu na hakubatizwa hata alipokufa. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na Jumapili nimesikiliza mahubiri mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sijapata somo la ufuasi lililoniingia kama kuiona sahani ile ikivuka uani.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni upole wake tu. Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba babu alikuwa anatimiza sheria ya nchi, sheria ya zamani kuliko kanisa la kwanza la Rungwe.

Wazee wetu Wanyakyusa hawakupanga vijiji vyao kwa ukoo. Walivipanga kwa rika. Mtoto wa kiume alipofikia miaka kumi au kumi na mmoja, aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala na wavulana wenzake katika vibanda walivyojijengea pembeni. Chakula walipikiwa na mama zao, lakini walikila pamoja: leo kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao. Walipokua walioa, wakawaleta wake zao palepale, na vile vibanda vya watoto vikawa kijiji cha watu wazima, ikipanga. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, yaani kutoka. Wana wa malafyale, yaani mtawala, walitolewa hadharani, moto mpya ukawashwa, ardhi ikagawanywa upya, na wazee wakasogea kuwapisha vijana. Kila kijiji kilikuwa na kiongozi wake asiye wa ukoo wa kitawala, ulifumu, na yeye ndiye aliyesema na mtawala kwa niaba ya wenzake.

Mgeni Mzungu aliyepita mapema katika nchi hii, Joseph Thomson, mwaka 1879, aliwasifu watu wa huku kwa usafi wa vijiji vyao chini ya migomba. Aliyeuliza kwa nini vijiji viko hivyo alikuja baadaye sana. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi Rungwe kati ya 1934 na 1938, wakisaidiwa na Leonard Mwaisumo, kijana wa huku aliyekuwa karani na mkalimani wao. Monica alikuwa binti wa wamisionari wa Kiskoti wa Afrika Kusini, na nadhani ndiyo maana alikuwa na sikio la mambo ya imani. Mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya vijiji vyetu vya rika, akakipa jina lenye maana ya wenzi wema. Wazee walimpa sababu mbili za kuishi hivyo. Ya kwanza ni heshima: baba mkwe na mke wa mwanawe hawakuruhusiwa kuonana hata kidogo, kwa hiyo ilibidi mwana akae mbali. Ya pili ni ukwangala.

Neno hili Kiswahili hakina. Ukisema "kuongea" umelipunguza, ukisema "kustarehe" umelipotosha. Ukwangala ni kukaa na wenzako wa rika, kula nao, kunywa nao, kuzungumza mpaka jua lizame, na katika kukaa huko kufundishwa utu. Kwa wazee wetu haukuwa uvivu. Mtu asiyekaa na wenzake angejifunza wapi kusema kwa adabu, kusikiliza kesi, kuzuia hasira? Aliyekula peke yake alitiliwa shaka ya uchawi. Na aliyewakosea majirani aliogopa imbepo sya bandu, pumzi ya watu: manung'uniko yao yakiungana, waliamini, humshukia mkosaji kama baridi, akaugua.

Katika nchi ya namna hiyo waliingia Wamoravian mwaka 1891. Walikuja vijana wanne kutoka Ujerumani kwa njia ya maji ya kusini, wakipitia Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Mmoja alikufa kwa homa kabla ya kufika. Waliobaki walijenga chini ya Mlima Rungwe. Mwaka huohuo walikuja pia wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na pande hizo mbili zikagawana nchi, Berlin mashariki na Moravian magharibi. Vituo vikaongezeka: Rutengano na Ipyana mwaka 1894, na vingine baadaye. Ulutengano kwa Kinyakyusa ni amani, na ipyana ni neema.

Jambo ambalo sijasikia likisemwa kanisani, nami ningependa lisemwe, ni hili: wageni hawa nao walitoka katika kanisa la marika. Kule Herrnhut, kijiji kilichoanzishwa na wakimbizi wa imani mwaka 1722 katika ardhi ya bwana Zinzendorf, Wamoravian waligawanya ushirika wao kwa umri na hali ya maisha. Vijana wa kiume wasiooa walikaa pamoja katika nyumba yao, wasichana yao, wajane yao. Kila kundi liliitwa kwaya, ingawa halikuwa la kuimba. Tangu mwaka 1727 walikuwa pia na vikundi vidogo zaidi, vya watu wawili, watatu au zaidi kidogo, waliokutana kuambiana ukweli wa mioyo yao na kuombeana. Hata makaburini walilazwa kwa kwaya zao, chini ya mawe yaliyolingana, tajiri na maskini. Watu wa namna hiyo wakavuka bahari, wakafika mahali ambapo wavulana hulala vibanda vya rika. Sina ushahidi kwamba wale vijana walitambua walichokiona. Nasema tu kwamba udongo ulikuwa tayari umelimwa, na aliyeulima hakuwa mmisionari.

Aliyebatizwa wa kwanza Rungwe alikuwa mwanamke, Fiabarema, mwaka 1897. Akapewa jina la Numwagile, yaani nimempata. Miaka sita ya kuhubiri, mtu mmoja! Lakini jina lile limeishi kuliko waliolitoa, na hadi leo utawakuta akina Numwagile huku. Nilipokuwa naita mahudhurio darasani, nilikuwa nasoma historia ya kanisa bila kufungua kitabu: Lwitiko, imani, Lusubilo, tumaini, Lugano, upendo, Lusekelo, furaha, Lusajo, baraka, Ambilike, ameniita. Watoto hawa hawakupewa majina ya Kijerumani. Imani iliingia kwa mlango wa lugha yetu, na Agano Jipya la Kinyakyusa lilipotoka mwaka 1908 lilikuta watu wanaolingojea.

Babu na rafiki yake walizaliwa karibu na wakati wa Fiabarema kubatizwa. Walilala kibanda kimoja tangu utotoni. Babu ndiye aliyekwenda shule ya misheni, na kila alichojifunza alikirudisha kibandani usiku, akiandika herufi kwa mkaa juu ya gamba kavu la mgomba. Rafiki yake alijua kusoma kabla hajaingia darasa lolote, na hakuingia kamwe. Babu alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, mimi nilimfundisha a, e, i, o, u. Yeye alinifundisha kutomwacha mtu." Na lile la pili lilikuwa na mahali na wakati wake.

Mwaka 1916, mwezi wa Mei, majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland yakaichukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Vijana walikamatwa kuwa tengatenga, wapagazi wa vita, na wale wawili walichukuliwa siku moja. Njiani babu alishikwa na homa. Mpagazi aliyelegea aliachwa kando ya njia, na wengi waliachwa. Rafiki yake alibeba mzigo wake na nusu ya mzigo wa babu, siku nne kwa hesabu yake, na usiku aliomba chakula kwa ajili yake kwa watu wasiojua lugha yao. Babu alikuwa anamsomea Injili huyo asiyebatizwa. Huyo asiyebatizwa ndiye aliyemfanyia yaliyoandikwa.

Waliporudi, kanisa halikuwa limekufa. Hili tunalipita haraka mno tunaposherehekea majina ya wamisionari. Wajerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920; kwa muda huo Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walisimamia kwa mbali, lakini aliyekaa na watu kila siku alikuwa mwalimu wa kijijini na mzee wa kanisa, watu weusi wenye Agano Jipya moja na shamba la ndizi. Walikutana vibarazani. Waliombea wagonjwa wa homa kuu ya 1918. Babu alibatizwa katika miaka hiyo, na aliyesimama nyuma yake mlangoni, akamngoja mpaka mwisho, alikuwa yule rafiki.

Kwa nini naye hakuingia? Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Yeye alikuwa amerithi mke wa marehemu ndugu yake, kama desturi ilivyomtaka, kisha akaoa. Babu alimweleza sheria ya kanisa, bila kuipunguza. Rafiki yake alimwuliza, "Basi nimfukuze yupi, nawe uniambie atakwenda kulala wapi?" Babu hakuwa na jibu, na hakujifanya analo. Kila asubuhi alipofungua kile kijitabu cha neno la siku, ambacho Wamoravian wamekisoma tangu 1731, alivuka uani akakisoma kwa sauti mahali ambapo mwenzake angesikia. Walifanya hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Mzee yule alikufa mwaka 1968. Msiba ulikuwa wa kienyeji: ngoma, pombe, matambiko. Babu alikaa siku zote, usiku na mchana. Hakunywa, lakini hakuondoka. Wazee wa ushirika mmoja walimwita, wakamweka nje ya Meza ya Bwana kwa miezi mitatu kwa kushiriki mila. Nilikuwa binti mdogo, nikalia kwa hasira. Yeye hakulia. Alikaa benchi la mwisho kila Jumapili, akaimba nyimbo zote, akarudi Mezani siku zake zilipotimia, na hakumsema mtu. Nilipomwuliza alijibu, "Walikuwa na haki ya kuniuliza. Nami nilikuwa na deni la kukaa." Naamini mpaka leo kwamba wazee wale walikosea, na naamini pia kwamba babu alifanya vyema kutii.

Vijiji vya rika vimekwisha. Kahawa, na kisha chai, zilifanya shamba kuwa la kudumu. Mtu aliyepanda miti ya miaka thelathini hatasogea kupisha rika lijalo. Vijana wa miaka ya 1930 walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, wengine migodi ya kusini, wakarudi na fedha zao binafsi. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Sioni sababu ya kuulilia mfumo mzima: ulikuwa na hofu ya uchawi ndani yake, na wanawake tulikuwa pembeni, tukipika chakula cha ukwangala ambao hatukualikwa. Wanawake wa Lufingo walipata rika lao kwa mara ya kwanza kanisani, katika ibada ya akina mama ya katikati ya juma, na hilo nalihesabu kuwa moja ya matendo makubwa ya Injili hapa.

Na vijana? Wao walipata kwaya. Neno lile la Herrnhut limerudi kwetu likiwa na maana ya kuimba, lakini mwangalie kijana wa kwaya: anakula na wenzake, anasafiri nao, wanachangia mahari yake, wanamzika mama yake. Mahali ambapo mwalimu wa kwaya anajua nani amelala njaa, kibanda cha rika bado kipo. Mahali ambapo kwaya imebaki sare na spika tu, hakuna kitu.

Kinyakyusa kina mzizi mmoja ambao niliwaandikia watoto ubaoni kila mwaka. Ukumanya ni kujua. Ukumanyila ni kujifunza. Ummanyisi ni mwalimu. Na rafiki ni ummanyani, mliyejuana. Hatukuhitaji kuambiwa kwamba mwanafunzi wa Bwana na rafiki wa Bwana ni mtu mmoja. Lugha ilikuwa imeshasema.

Babu tulimzika mwaka 1979, mita chache kutoka kwa mwenzake, upande wa pili wa uani. Mwalimu wa kwaya yetu leo ni mjukuu wa yule mzee wa wake watatu. Waliolala vibandani hakuna tena hata mmoja. Sisi tuliosimuliwa nao bado tupo, na tumezeeka. Kijana wa Lufingo usomaye haya, chukua daftari, uje ukae.